Pingamizi la Mume wa Mchungaji wa Nusu Muda

Yakobo Ndalahwa,
Fundi Cherehani,
Kijiji cha Kabusuli,
Mkoa wa Mwanza.

Kwa Mhashamu Baba Askofu,
Kupitia kwa Kasisi Privatus, Mkuu wa Jimbo (ambaye namwomba asiisome kwa sauti kikaoni).

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA BIBI SUZANA KOKUBERWA KUFANYWA MCHUNGAJI WA NUSU MUDA, KANISA LA MTAKATIFU ANDREA, KABUSULI

Baba Askofu, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita tangazo lako lilisomwa kanisani kwetu kwa mara ya tatu na ya mwisho, kwamba Suzana Kokuberwa, mwinjilisti wa hapa, anakusudiwa kuwekewa mikono awe mchungaji wetu wa nusu muda, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla hujafika. Watu walitazamana. Mtoto mmoja alipiga chafya. Hakuna aliyesimama. Basi nimeona niandike mimi, kwa sababu pingamizi ninalo, tena si moja, na kwa sababu namfahamu mhusika kuliko mtu yeyote kijijini. Ni mke wangu.

Naanza na historia ili usidhani nakurupuka. Kanisa letu ni dogo, limekaa kati ya mawe makubwa na ziwa, na mchungaji wa kudumu hatumwezi. Kasisi anayetuhudumia anakaa Nansio, ng'ambo ya maji, na ana makanisa mengine mengi ya kuzungukia. Meza ya Bwana tunaisubiri kama watoto wanavyosubiri nguo za Krismasi. Ndiyo maana tulifurahi uliporuhusu tutafutiwe mchungaji wa nusu muda, mwenye kazi yake ya kumlisha.

Walikuja wawili kututazama. Wa kwanza, Shemasi Pius, kijana mwenye duka la simu Mkuyuni, alihubiri vizuri, kisha akauliza mtandao unapatikana wapi. Tulimwonyesha jiwe lililo nyuma ya kanisa. Akapanda. Tulinadi sadaka, tukala, tukaosha vyombo, yeye bado yuko juu ya jiwe amenyoosha mkono. Wa pili, mzee wa heshima kutoka Buswelu, Kasisi mstaafu Paulo, alifika wiki ile wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kutoka majini kama moshi. Sisi wenyeji msimu huo tunaimba na kuomba kwa midomo iliyofumbwa nusu. Yeye hakuambiwa. Alifungua kinywa kutangaza neema, na hatujamwona tena.

Ndipo Mzee Masalu, mzee wetu wa kanisa, aliposema kikaoni kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, akauliza nani alimzika marehemu Shimba.

Wote tunajua nani alimzika Shimba. Siku ya mazishi yake ziwa lilichafuka, Kasisi hakuweza kuvuka, na maiti haingoji. Kokuberwa alifungua Kitabu cha Sala akasimama kando ya kaburi, akasoma mpaka mwisho, na sauti yake haikutikisika hata pale mjane alipokaa chini kwenye udongo. Kwa hiyo kikaoni mikono yote ilinyooshwa. Wangu pia, kwa kuwa nilikuwa benchi la mbele na ingeonekana vibaya. Naomba mkono ule usihesabiwe.

Baada ya utangulizi huo, mapingamizi yangu ni haya:

1. Nusu ya mtu haijulikani inapoishia. Barua yako inasema Alhamisi mpaka Jumapili ni za kanisa, na Jumatatu mpaka Jumatano ni zake za kutafuta riziki. Nimeisoma nikiwa nimevaa miwani na nikiwa nimeivua. Siku ya mume sijaiona. Tena watu wa Kabusuli hawaugui kwa ratiba. Jumatatu anaitwa kuombea mgonjwa, Jumanne wachumba wamekosana, Jumatano kuna mama anayetaka tu kukaa kimya na mtu. Wanapiga hodi sahani ikiwa mezani, nami nimelelewa vizuri, nawakaribisha, na samaki wangu anapoa.

2. Mimi ni fundi cherehani, na Kokuberwa ndiye mwenye vifungo. Mashine yangu ni ya kukanyaga, haishoni tundu la kifungo. Matundu yanashonwa kwa mkono, na mkono huo ni wake tangu tuoane. Tangu aanze masomo ya theolojia, mashati ya wateja yananing'inia ukutani yakiwa wazi kifuani. Mwalimu mkuu wa shule yetu amehudhuria mahafali akiwa amejifunga kwa pini. Mimi matundu siyawezi, na kwa umri huu sitegemei kuyaweza.

3. Mhusika ni Mlutheri wa kuzaliwa, kutoka Kagera, na alikuja kwetu kwa ndoa. Akipika bado anaimba nyimbo za kwao, na katika ubishi wowote anashinda. Hili la pili sijui kama ni la Kilutheri au la Kihaya, lakini dayosisi inapaswa kulijua.

4. Mahubiri yake yanatoka nyumbani kwangu. Alipohubiri juu ya shilingi iliyopotea, alieleza habari za mzee mmoja wa kijiji hiki aliyetafuta miwani yake asubuhi nzima, akamlaumu mke, akamlaumu mbuzi, kumbe miwani iko kwenye paji la uso. Hakutaja jina. Kanisa zima liligeuka kunitazama, hata wageni. Alipohubiri juu ya subira, mzee huyohuyo alikuwepo. Alikuwepo pia kwenye uvumilivu wa Mungu. Mwaka una Jumapili nyingi na mimi ni mmoja tu, naona nitakwisha kabla ya Pasaka.

5. Mnada. Baada ya ibada, kama unavyojua, sadaka za mazao na kuku hunadiwa nje, na kwenye mnada wa Kabusuli mimi nina jina. Jogoo akinyanyuliwa, watu hunitazama mimi kwanza. Sasa Mzee Masalu ameniambia kwa upole kwamba nyumba ya mchungaji haishindani na waumini, inachangamsha mnada kwa makofi tu. Baba Askofu, sijawahi kumpigia jogoo makofi.

6. Cheo changu. Kila mchungaji tuliyewahi kuwa naye alikuwa na mama mchungaji. Huyo ndiye mlezi wa Umoja wa Mama, ndiye anayepokea wageni wa dayosisi, ndiye anayeketi kwenye kile kiti chenye kitambaa kando ya dirisha. Bibi Jovitha, mwenyekiti wa Umoja wa Mama, alikuja kibandani kwangu na wenzake wawili, akanieleza kwamba utaratibu unasema mlezi ni mwenza wa mchungaji, na utaratibu huo haukusema lolote kuhusu ndevu. Kwa hiyo mlezi wao ni mimi. Vikao ni kila Jumatano. Waliniletea na kitambaa cha sare. Nilipouliza nani atanishonea, walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye furushi la nguo za watu. Waliniarifu pia kwamba siku ya ujio wako chai iko juu yangu, na kwamba wewe unapenda michembe ya viazi vitamu iliyoiva laini na karanga za kutosha. Nilijitetea kwamba, mchungaji akiwa wa nusu muda, basi na mimi niwe mama mchungaji wa nusu muda. Wakasema watalifikiria. Hawajaleta jibu.

7. Usuluhishi. Sisi ni mke na mume, tunakosana kama watu wengine. Zamani tukishindwana tulimngoja Kasisi avuke, akatuketisha, akasikiliza pande mbili, tukaomba, tukala. Sasa nikiwa na malalamiko dhidi ya mke wangu, natakiwa kuyapeleka kwa mchungaji wangu. Juzi nimelijaribu hilo, ili nisiandike kwa kubahatisha. Nililalamika kwamba mke wangu anazidisha chumvi kwenye mboga kwa sababu akili yake iko kwenye mahubiri. Mchungaji alinisikiliza vizuri sana. Aliniuliza maswali ya maana. Akasema huyo mke anaonekana amechoka, na akapendekeza tumwombee. Tukamwombea. Nilitoka pale nimemsamehe kabisa, na nilipofika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba mkosaji ndiye aliyeongoza sala, na mboga bado ilikuwa na chumvi.

8. La mwisho siliandiki kwa mzaha. Mimi nimemzidi Kokuberwa umri, na kifua changu si kizuri. Kwa utaratibu wa kawaida nitatangulia. Nilimwona alivyosimama kwa Shimba, ambaye alikuwa rafiki yetu na alikula kwetu mara nyingi. Hakudondosha chozi mpaka watu wote walipotawanyika, na hata hapo alinawa mikono akaingia jikoni kuwapikia wafiwa. Mimi nikifa, mchungaji wa Kabusuli atakuwa yeye. Atasimama kando yangu na kitabu, sauti imenyooka, kwa sababu watu watamhitaji awe hivyo. Nami sitaki. Nataka siku hiyo mke wangu akae chini kwenye udongo, alie, ashikwe na watu, asiwe na kazi yoyote ya kufanya. Naogopa kufa nikaacha mchungaji tu, bila kuacha mjane. Hili ndilo linaloniuma, Baba, na yale saba ya juu nimeyaandika ili hili lisikae peke yake.

Najua utaniambia kwamba nabii hakosi heshima ila nyumbani kwake. Ndivyo. Nyumbani kwake ni mimi, na natimiza wajibu wangu.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu usimwekee mikono. Ikiwa mikono imekwisha kuamuliwa, basi naomba nipewe mimi mchungaji wangu binafsi, naye wa nusu muda, atakayeshughulikia usuluhishi na mazishi ya mtu mmoja tu. Na ikiwa hilo nalo ni zito kwa dayosisi, niandikie cheti cha kuhamia kwa Walutheri. Nasikia kwao viti bado vipo, na nyimbo zao, kwa kuzisikia jikoni miaka yote hii, nazijua zote.

Mama Askofu mpe salamu zangu nyingi, na watoto, na dereva wako ambaye mara ya mwisho alinasa kwenye mchanga wetu akacheka badala ya kukasirika. Wasalimie na wanakwaya wa kanisa kuu. Binti yetu Gladness, aliye mjini, ameahidi kuja. Huku Kabusuli hatujambo sote, isipokuwa yule mbuzi aliyelaumiwa bure. Mhusika mwenyewe anakusalimu. Ananiona naandika na anadhani naagiza vifungo.

Ni mimi mtumishi wako mwenye mashaka, na kwa sasa mwenye njaa,

Yakobo Ndalahwa,
Mume wa mhusika.

N.B. Tafadhali usinunue kanzu ya kumvalisha huko mjini. Nimekwisha kuishona. Za dukani zimekatiwa watu warefu, na Kokuberwa ni mfupi, angeikanyaga mbele ya watu siku yake kubwa. Vipimo nilivichukua kwenye gauni lake la Jumapili alipokwenda kisimani. Vifungo vinashuka kutoka shingoni mpaka miguuni, na matundu yote nimeyashona mwenyewe kwa mkono. Ya juu yamepinda kidogo, lakini stola ya shingoni itayafunika. Michembe iko tayari, karanga zimekaangwa. Sare yangu ya Umoja wa Mama imenikaa vizuri mabegani, na Jumatano nilifungua kikao kwa sala.

Barua hii nilikuwa nimekwisha kuiweka kwenye bahasha, nimeifungua tena kwa sababu ya namba nane. Leo tulipokuwa tunachambua dagaa nilishindwa kunyamaza, nikamuuliza mwenyewe. Hakucheka. Alichambua kwanza kilichokuwa mkononi, kisha akasema kanisa limeomba nusu na nusu litapewa, na hiyo ndiyo itakayosimama na kitabu mpaka kaburi lifunikwe. Nusu nyingine ni yangu tangu siku ya ndoa. Hiyo itakaa chini kwenye udongo, na hata wewe Baba Askofu ukija kuinyanyua haitanyanyuka mpaka iishe kulia.

Kwa hiyo namba nane naiondoa, na bila hiyo sioni zile nyingine zinasimama juu ya nini. Njoo Jumapili, Baba. Ila uje mapema, chai ya mama mchungaji haipashwi mara mbili.