Sabuni na Nta ya Vijidudu Vyangu

Jumatatu, 3 Juni 2024, Segese

Miezi miwili ya vidonge imetimia. Miezi miwili bila Melania! Baba mkwe alimchukua yeye na mtoto, wakaenda Kishapu. Hawarudi mpaka nionyeshe cheti kwamba kifua kikuu changu hakiambukizi tena. Usiku nalala nimekumbatia kanga yake. Mtu mzima mimi!

Jumanne, 4 Juni

Nimemhoji Serafina wa maabara. Kasema kijidudu changu kina ukuta wa ajabu: ndani sukari zilizofumwa, nje mafuta marefu mazito, nta kabisa. Wanakitia rangi nyekundu, wanakipasha moto, wanakimwagia asidi. Vingine vinapauka, hiki hubaki chekundu! Ndiyo maana dawa inachelewa kupenya, nivumilie.

Lo! Donatus anayenunua dhahabu yetu naye huijaribu kwa asidi. Isiyobadilika ndiyo halisi. Miaka tisa nahangaika shimoni, kumbe mali naikohoa!

Ila nta ni mafuta. Na sisi mwaloni, tunakooshea mchanga wa dhahabu, mafuta tunayaweza. Unatia sabuni ya unga kwenye karai, mafuta yanakatika, basi. Serafina hakusomea hilo.

Jumatano, 5 Juni

Nimetia kijiko cha sabuni kwenye kopo la makohozi ya kupimwa. Nikatikisa. Povu likasukuma kifuniko mbele ya Serafina! Akauliza nimekunywa nini. Nikasema uji. Akasema uji gani unanukia malimao. Kisha akaniambia hata nikiua vyote vya koponi, vya kifuani vipo palepale. Hilo sikuliwaza.

Melania kapiga simu kuuliza kama nimemeza vidonge. Hupiga kila asubuhi. Sauti yake ikanitoa machozi, nikasingizia vumbi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekohoa upya, uani, Serafina kasimama kwa mbali ananilinda utadhani mwizi. Kopo kalichukua mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Safi! Hakuna hata kimoja! Serafina kasema vidonge vimefanya kazi, nimeze miezi minne mingine. Nimempigia Melania, kalia kwa furaha. Nami nikalia, vumbi sikulitaja.

Kisha baba mkwe akachukua simu. Salamu za Kisukuma, mwangaluka nyingi, pongezi nyingi. Ila pamba imepasuka shambani, Melania atakuja wakimaliza kuvuna. Wiki tatu! Sizimudu. Namtaka leo, hapa, anigombeze kuhusu matope ya viatu vyangu.

Nimepata wazo. Kesho nitampigia nimwambie ugonjwa umerudi, vijidudu vimejaa tele kifuani. Akisikia hivyo tu, atakuja mbio.