Baada ya Kumi, Kumi na Nne

Jumapili, Machi 2

Siku mbaya. Nimepata perege mnene, mzuri wa kutazama, na nimelazimishwa kumrudisha bwawani.

Afisa anayesimamia bwawa, ambaye sote tunamwita Bwana Samaki, alimlaza kwenye ubao wake wa kupimia. Sentimita ishirini na mbili. Sheria inataka ishirini na tano, kutoka mdomo hadi ncha ya mkia. Nilimweleza kwamba samaki amejikunja kwa woga. Akasema atakunjuka akifika majini. Akaongeza kwamba hilo ni onyo. Nikileta ujanja tena, leseni yangu ya ndoano inaingia kabatini kwake hadi msimu ujao.

Msimu mzima! Wiki nzima mimi ni mtu wa kukunja pindo za suruali za watu. Bwawani ndipo ninapojiona nina maana.

Shemeji alikuwepo, bila shaka. Ni kaka wa mke wangu, kinyozi, na kibanda chake kimepakana na changu. Alikuwa na wawili, idadi inayoruhusiwa, wote wamepita kipimo. Aliniambia nimpe wangu muda, atakua. Upole wake unanikera kuliko matusi.

Jumatatu, Machi 3

Shemeji ametundika picha ya samaki wake juu ya kioo. Wateja wananyolewa huku wakimsifu. Ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu.

Jumanne, Machi 4

Bahati imeniangukia! Bwana Samaki ameukanyaga ubao wake kwa pikipiki yake mwenyewe. Getini kuna tangazo: mpaka ubao mpya uletwe, kila mvuvi aje na kipimo chake, na afisa atashuhudia upimaji.

Chake. Si cha serikali, si cha afisa. Chake! Na mimi ni fundi nguo.

Nina tepu mbili za njano, pacha. Moja nimeikata baada ya kumi, nikaondoa kipande, nikaunganisha na kumi na nne kwa mshono wa kuficha. Mwanzoni ina sifuri kama kawaida. Thelathini inafuata ishirini na tisa. Katikati nani anasoma? Samaki wa ishirini na moja sasa ni wa ishirini na tano, na hakuna aliyemvuta mkia.

Mke wangu aliuliza nashona nini kidogo hivyo. Nikasema kazi ya mteja. Akaniangalia vile anavyoniangalia.

Jumatano, Machi 5

Roho nusura initoke. Bwana Samaki kibandani kwangu!

Kumbe anataka suti. Jumamosi mchana kuna mkutano wa maafisa wa uvuvi, naye atazungumzia umuhimu wa vipimo. Nilimpima kwa tepu nzima. Mtu mpana, nyonga mia moja na kumi na mbili. Alisimama, mikono ameinyoosha, akisubiri niseme namba. Nilifurahia sana hali hiyo.

Jioni nimefungasha mkoba wa kuvulia: ndoano, chambo, tepu. Ijumaa naenda.

Alhamisi, Machi 6

Nimekata suti yote. Mkono ulikuwa mwepesi ajabu na kitambaa kimebaki. Nimejipongeza. Mke wangu, ambaye ndiye anayeshona nikishakata, alisema suruali inaonekana ya mwanafunzi. Nikamwambia nguo ikiwa vipande huonekana ndogo.

Ijumaa, Machi 7

Perege wawili asubuhi tu. Kwa macho, ishirini na mbili kila mmoja. Sikuwatia hata kwenye ndoo. Nilimwita Bwana Samaki kwa sauti, ili na shemeji asikie, nikanyoosha tepu kwa mbwembwe.

Ishirini na mbili. Nikanyoosha tena. Ishirini na mbili!

Bwana Samaki alinishukuru. Alisema hajawahi kumwona mvuvi akimwita afisa ashuhudie samaki wadogo wakirudishwa majini. Akawataka wengine waige mfano wangu. Shemeji alinipa mkono. Niliondoka kichwa kimevimba kwa sifa, na nilikuwa nusu ya njia ndipo swali liliponijia. Kama tepu nzima ilikuwa mkobani, jana shingoni nilivaa ipi?

Nilikimbia. Suti imeisha, imepigwa pasi, imetundikwa. Mke wangu aliichukua tepu iliyobaki mezani, akasoma: nane, tisa, kumi, kumi na nne. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alinishauri nikamwambie Bwana Samaki ukweli leo hii hii.

Wazo la ajabu. Nimeilowesha suruali na kuifunga mawe miguuni ili ivutike.

Jumamosi, Machi 8

Miguu imerefuka, mmoja kuliko mwenzake. Upana uko vilevile. Nyonga hukatwa vipande vinne, na kila kipande kilikuwa kimepungua sentimita nne. Hesabu hiyo sikuwa nimeipiga.

Bwana Samaki aliingia nyuma ya pazia. Kisha kuhema. Suruali ilipanda hadi mapajani, ikakwama, ikagoma hata kushuka. Ikabidi nimwite shemeji. Yeye mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Kuvua samaki tunashindana, kuvua suruali tulishirikiana vizuri.

Nilieleza kwamba ndiyo fasheni ya sasa. Bwana Samaki akavaa suruali yake kuukuu, akailaza ile mpya mezani, akaomba tepu. Nikampa ya kwanza niliyoigusa. Pacha wale wataniua! Aliisoma polepole kutoka sifuri, kidole juu ya namba, kama anavyosoma kila kitu. Kidole kikasimama.

"Fundi, baada ya kumi ni ngapi?"

Nikasema inategemea.

Nikamkumbusha kwamba tangazo linasema kipimo chake, na hicho ni changu kabisa, hakuna mwingine aliye nacho. Akaikunja suruali taratibu, akanirudishia.

"Hii bado mtoto," alisema. "Naomba leseni yako."

Nilimpa. Sitaki kuficha, nilikaa nyuma ya cherehani nikalia kidogo. Suti nitaishona upya kwa kitambaa changu. Ameondoka na leseni, na tepu pia.

Jumapili, Machi 9

Shemeji ametoka bwawani na habari. Mkutano ulifana. Bwana Samaki aliipitisha tepu yangu ukumbini mkono kwa mkono, na maafisa waliushangaa mshono. Mmoja hakuuona hata alipoonyeshwa! Nimefurahi kuliko inavyostahili. Mke wangu amesema nisiseme hivyo mbele ya watu.

Shemeji alituachia mmoja wa samaki wake wawili. Nilimpima, kwa mazoea tu. Thelathini na moja. Tumemla. Alikuwa mtamu, na hilo limeniudhi.

Baadaye nilitembea hadi getini, kunyoosha miguu. Ubao mpya umefika. Na tangazo jipya limebandikwa, nadhani kwa ajili yangu: asiye na leseni haruhusiwi kushika ndoano wala mshipi.

Kushika. Nimelisoma tena hilo neno. Kushika ni kazi ya mkono, mtu yeyote anajua. Kuhusu kidole gumba cha mguu hakuna hata herufi moja. Nimefika nyumbani nikajaribu, mshipi unafungika kidoleni vizuri kabisa na fundo halionekani.

Bwana Samaki amenikataza kuvua samaki. Kuvua viatu hajanikataza.