Dawa ya Fukusi Yatangazwa Jumapili Tatu

Jumatano, 20 Novemba 1996
Kibaoni. Nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani. Barua ya Mwalimu Leodgar wa baiolojia imefika. Anasema utafiti wangu wa shuleni ni uvumbuzi kweli: chupa kumi za mahindi, miezi minne, hakuna fukusi aliyebaki hai! Niuandikishe haraka nipate hataza, yaani hati ya serikali kwamba dawa ni yangu, asiiuze mtu bila idhini yangu. Kisha kiwanda kinaweza kuitengeneza. Baba amenipa mpaka Krismasi. Ikishindikana naenda Kakese kulea watoto wa shangazi Romana. Wako saba.

Ijumaa, 22 Novemba
Kuandikisha wapi? Hapa kila kitu kinaandikishwa parokiani: ubatizo, ndoa, vifo. Nimekwenda kwa katekista Amedeus. Niliongea chinichini mpaka akaniuliza mchumba ni nani. Nilipoeleza, akasema utaratibu ni uleule wa ndoa: jambo litatangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Nimemwandikia vipimo vyote, mtu asije akasema sikueleza.

Jumapili, 24 Novemba
Limetangazwa, mara tu baada ya tangazo la ndoa ya Apolinari na Mary. Debe la mahindi, vikombe viwili vya majivu ya pumba za mpunga, kimoja cha majani makavu ya kivumbasi, yasagwe. Kinamama waliomba katekista asome tena, polepole. Nilijificha nyuma ya nguzo. Hakuna pingamizi!

Jumapili, 1 Desemba
Tangazo la pili. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba kwake vikombe vitatu vya majivu vimefaa zaidi. Sio pingamizi. Kivumbasi kimekwisha kijiji kizima, hata kile cha nyuma ya nyumba yetu.

Jumamosi, 7 Desemba
Telesphor mwenye duka anauza dawa yangu! Kila mfuko umepigwa muhuri: DAWA YA TELESPHOR. Nilizunguka duka mara nne kabla ya kuingia. Nikamwambia ni wizi. Akacheka. "Wizi gani, binti? Nimeambiwa kanisani, tena mara mbili. Kesho nakuja kusikiliza ya tatu."

Jumapili, 8 Desemba
Alikuja. Alikaa benchi la mbele. Hakuna pingamizi. Katekista akanipongeza, kinamama wakapiga vigelegele. Nimelia mpaka nyumbani.

Alhamisi, 19 Desemba
Nilimwandikia Mwalimu. Amejibu kwa wino mwekundu. Hataza hupewa kitu kipya, ambacho watu bado hawajakijua. Kikitangazwa hadharani kabla maombi hayajafika kwa msajili Dar es Salaam, basi tena. Anasema nilitakiwa kunyamaza tu. Kunyamaza! Kitu pekee ninachokiweza duniani. Baba alisoma barua, akaikunja, akaenda kuulizia gari la Kakese.

Jumatatu, 6 Januari 1997
Kakese. Watoto saba, na mdogo ana meno. Nimebuni jiko la udongo linalochoma pumba bila moshi. Shangazi Romana amelikagua, akasema, "Nyie mliosoma mna mambo." Nimefikiria sana kosa langu la Kibaoni, na nimelijua. Si kutangaza, kama anavyodhani Mwalimu: mashahidi wa kusema dawa ni yangu walikuwa wachache, tena wa parokia moja. Kasimu, mpiga mbiu wa sokoni, ana kipaza sauti. Ameahidi kusoma vipimo vyote vya jiko kuanzia kesho, siku saba mfululizo.