Taratibu na Swichi ya Difu

Redio alivuka barabara mbio, mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi. Ni kinyozi, lakini kunyoa kwake ni kisingizio tu. Kazi yake hasa ni habari. Mteja kamwacha kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado msitu.

"Jamani, mmesikia? Kamati ya kukagua barabara ya mlimani imekwama! Kwenye barabara hiyo hiyo! Tangu jana mchana!"

Benchi la kijiwe cha kahawa, lile linaloegemea ukuta wa gereji, lilitikisika kwa kicheko. Ni Taratibu peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa dereva wa pikapu, mtu mpole ambaye hajawahi kulipita gari lolote, na watu waliapa kwamba hata baiskeli huwa anazisubiri. Mkewe alikuwa mwalimu kule mlimani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imebakiza siku chache, na Taratibu alikuwa amepanga kumteremsha kesho yake.

"Wamekwama na gari gani?" aliuliza.

"Jipya! Bado linanukia duka."

"Na wenyewe wanasemaje?"

Redio alichomoa simu, akaisogeza mbali na macho, akakohoa, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "'Kamati inapenda kuufahamisha umma kwamba barabara inapitika vizuri, isipokuwa kwa magari.'"

"Kitaalamu hawajakosea," alisema Mzee Faili, karani mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kitambaa cheupe kimechomoza mfukoni. "Barabara si ya magari peke yake."

"Mzee Faili, siku ukikwama wewe nitakutumia barua," ilijibu sauti kutoka chini ya pikapu ya Taratibu. Ilionekana miguu tu, imevaa mabuti yenye mafuta. Huyo alikuwa Spana, fundi mwenye gereji, mwanamke asiyependa maneno mengi ila akianza humnyamazishi. Alijivuta nje, mkono mmoja umeshika waya mwekundu.

"Dada Spana, hii kitu kweli itafanya kazi?" Taratibu aliuliza kwa mara ya nne asubuhi hiyo.

"Simama, Redio. Na wewe mzee, simama. Shikaneni mikono. Haya, nyie ndio matairi ya nyuma, mimi injini. Katikati yenu pana difu, ile gia inayogawia matairi nguvu. Tukikata kona, tairi la nje linatembea njia ndefu, la ndani fupi, kwa hiyo difu inaliachia kila moja mwendo wake. Tuko pamoja?"

"Pamoja kabisa," alisema Redio, akikata kona na kumvuta mzee nusura amwage kahawa.

"Sasa Redio umekanyaga tope, unateleza. Mzee Faili uko pakavu, ungepata nguvu ungelisukuma gari likatoka. Difu inampa nani nguvu?"

"Mimi niliye pakavu," alisema mzee kwa uhakika.

"Hapana. Inampa Redio. Anayezunguka bure ndiye anayekula nguvu yote. Mwenye uwezo wa kusukuma anasimama anatazama."

Mzee Faili aliachia mkono wa kinyozi, akakaa polepole.

"Mwanangu, hiyo si difu. Hiyo ni ofisi niliyofanyia kazi miaka thelathini na mbili."

Benchi likalipuka. Muuza kahawa mwenyewe ilibidi aweke birika chini.

"Sasa ukiloki difu," Spana aliendelea, "matairi yote mawili yanakwenda sawa, yatake yasitake. Pikapu hii imetoka kiwandani na loki yake. Lakini haikubali mpaka uingize fowili nzito, yaani matairi yote manne kwa giya ya chini, na fowili nzito inatambaa. Lile tope la bondeni linataka uingie na mwendo, ukitambaa linakumeza. Kwa hiyo navuta waya wangu kutoka kwenye betri, naweka fyuzi, naweka swichi karibu na usukani. Ataloki hata akiwa kwenye giya za mbio."

"Una kibali cha kiwanda?" Mzee Faili aliuliza.

"Kiwanda kimewahi kupanda mlima wetu?"

"Sawa, lakini kama wenyewe walizuia, walikuwa na sababu."

Spana alifuta mikono kwa tambara. Safari hii hakucheka. "Walikuwa nayo. Taratibu, sikiliza. Gari likiwa limelokiwa kwenye lami, halitaki kona. Linakwenda moja kwa moja kama limekasirika, na ukililazimisha unavunja ekseli. Kwenye tope, washa. Kwenye lami, zima. Sema."

"Tope, washa. Lami, zima."

"Tena."

Hakuwahi kusema tena, kwa sababu simu yake iliita. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Shemeji, dada kashikwa na uchungu. Mkunga wa hapa anasema mtoto kakaa vibaya, ashushwe hospitali. Leo, shemeji. Sasa hivi."

Taratibu alisimama, akakaa, akasimama. Alitafuta funguo mfuko huu, mfuko ule, na funguo zilikuwa mkononi mwake. Spana akafunga boneti kwa kishindo.

"Swichi inafanya kazi, ila bado inaning'inia. Nitaishika mwenyewe. Ingia."

Redio alirukia nyuma ya pikapu. Mzee Faili naye akapanda, akisaidiwa na muuza kahawa.

"Mzee, wewe unakwenda kufanya nini?"

"Nakwenda kama shahidi."

Kutoka ng'ambo ya barabara mteja wa Redio alichomoza mlangoni, shuka shingoni. "Kinyozi! Na kichwa changu?"

"Vaa kofia!"

Taratibu hakuamini mguu wake mwenyewe ulivyokanyaga mafuta siku hiyo. Alilipita lori. Akalipita basi. Nyuma, Mzee Faili alishika kingo kwa mikono yote miwili, midomo ikicheza, na haikujulikana kama anaomba au anaandika maelezo ya ajali kichwani.

Kabla ya bonde waliikuta kamati. Gari lao lilikuwa limezama tairi moja la nyuma kwenye shimo, limeziba njia. Wajumbe watano walikaa kwenye mawe kwa mduara, na mmoja alikuwa anaandika.

"Mnafanya nini?" aliuliza Spana akishuka.

"Tuko kwenye ajenda ya tatu," alijibu mwenyekiti. "Kuna hoja ya kuomba trekta."

Spana hakusalimu. Aliingia kwenye gari lao, akainama karibu na usukani, akabandua kipande cha nailoni ya kiwandani iliyokuwa haijatolewa. Chini yake kulikuwa na kitufe chenye picha ya matairi mawili. Akaweka fowili nzito, akabonyeza. Gari likaguna, likajiinua, likatoka shimoni taratibu kama mtu anayeamka usingizini.

Mwenyekiti alitazama kitufe, akatazama wajumbe. "Hiki hakikuwepo kwenye mafunzo."

"Mafunzo yalikuwa ya siku ngapi?" Redio alipaza sauti kutoka nyuma ya pikapu.

"Siku mbili. Lakini ya kwanza ilikuwa ya kujiandikisha."

"Dada Spana, twende," alisema Taratibu. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Tafadhali."

Mbele ndipo palipokuwa na tope lenyewe, hatua mia mbili, jeusi, linang'aa. Mara ya mwisho Taratibu alinasa humo kwa saa nne nzima. Alisimama ukingoni. Spana akabonyeza swichi. Kitu kikalia *tak* chini ya gari.

"Imeshika. Sasa usiache mafuta hata ukiogopa."

"Naogopa tayari."

"Vizuri. Nenda."

Aliingia. Tope lilipiga kioo, usukani ukamcheza mikononi, nyuma Redio alikuwa anapiga kelele kama anayetangaza mpira. Katikati gari lilizubaa. Taratibu hakuachia mafuta. Matairi yote mawili yalichimba kwa pamoja, yakakamata kitu kigumu huko chini, na pikapu ikatoka upande wa pili ikichuruzika.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni ameegemea mabega ya mdogo wake. Aliitazama ile pikapu isiyo na rangi tena, akamtazama mumewe.

"Umefikaje mapema hivi? Umekuja na nani?"

"Nimekuja na kijiwe."

"Nilijua tu," alisema, halafu uchungu ukamkata maneno, na Taratibu akambeba, mdogo mtu akabaki kufunga nyumba.

Wakarudi kwa njia ile ile, mkewe kiti cha mbele amekamata mkono wa Spana mpaka vidole vya fundi vikawa vyeupe. Walivuka tope, wakaipita kamati, wakashika lami. Hospitali hiyo hapo, geti kulia. Taratibu akakata kona. Pikapu ikakataa. Matairi yalilia, gari likaenda moja kwa moja kuelekea bustani ya maua, mlinzi akatupa gazeti akakimbia.

"Lami!" Spana alipiga kelele, akipapasa swichi kwa mkono wake mmoja uliobaki huru. "Lami, zima!"

*Tak.* Usukani ukalegea, gari likakubali kona, likaingia getini na ua moja tu kwenye bampa.

Walisubiri kwenye benchi la ukumbini, wanne. Hata Redio hakuwa na habari. Saa moja ilipita. Mzee Faili alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja. Taratibu alihesabu vigae vya sakafu akapotea, akaanza upya.

Mlango ukafunguliwa, akatoka nesi.

"Ni wa kike, mzima, na mama mzima. Baba yake ni nani hapa?"

Taratibu alisimama, akakaa, akasimama tena. Redio na Mzee Faili wakamwonyesha kwa vidole. Spana alikuwa ameangalia ukuta, anafuta macho kwa mkono wenye grisi na kujipaka weusi uso mzima.

Nesi alimtazama baba kuanzia nywele mpaka viatu, tope kila mahali, kisha akawatazama wale watatu.

"Bomba liko kule nje," alisema. "Kanawe kwanza, baba. Mtoto kaja duniani sasa hivi, msimkatishe tamaa."