Gari la Shemeji Linapigwa Picha

Sukari aliiona riziki yake siku alipomkuta mtu mzima, ndani ya suti, amelala chali chini ya gari kwenye yadi ya magari yaliyotumika, anachungulia ekzosi. Juu yake alisimama fundi wake, anagongagonga bodi kwa vidole kama daktari anayepima tumbo la mtoto.

"Mateso yote haya ya nini?" Sukari alijiuliza. "Si mtu ajilalie kitandani kwake, achague gari kwenye simu, atume ada ya kulihifadhi, mambo kwisha?"

Yangekwisha kwa nani, hakusema.

Wiki moja baadaye tovuti ilikuwa hewani. Magari arobaini, yote yanang'aa, yote ya watu. Sukari alizunguka mjini akiyapiga picha yalipoegeshwa, moja hadi mwenyewe yumo ndani amesinzia. Ili duka lionekane limejaa, akaruhusu yeyote mwenye gari aweke tangazo na namba yake ya simu.

Wateja wakaja kama nzi. Wakauliza bei, wakasifia rangi, kisha mmoja baada ya mwingine wakaandika yale yale: "Nije na fundi wangu saa ngapi?"

"Fundi wa nini, ndugu? Picha zinajieleza."

"Picha haitoi moshi, kaka."

Mwezi ukakatika bila mtu kutuma hata senti. Watu hao hao wangekubali kuoa kwa picha, lakini gari? Gari sharti tairi lipigwe teke kwanza. Teke lile humwambia nini mpigaji, wataalamu bado wanachunguza.

Sukari akaamua kuwatafutia gari moja la kupiga mateke. Lilikuwepo: la shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye mwenye nyumba anamolala Sukari, sahani anayolia na sabuni anayoogea. Kila Alhamisi shemeji alimwachia funguo alioshe gari, kwa sharti moja.

"Saa kumi nikitoka kazini, gari liwe getini. Lisipokuwepo, godoro lako utalikuta barabarani."

Alhamisi hiyo, saa saba, akatokea getini mama mmoja aliyeitikia tangazo, mkoba kwapani, na nyuma yake mzee mfupi mwenye ovaroli.

"Mwanangu, pesa ninayo," mama akasema, akilipiga gari picha, Sukari kaliegemea meno nje. "Lakini bila fundi sinunui hata baiskeli."

"Umefika, mama. Gari hili lilikuwa la daktari. Tena alikuwa halitembezi, anakaa tu ndani akisikiliza redio."

Fundi hakucheka. Alilipiga tairi teke, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakifutia kwenye suruali. Kisha akainamisha sikio juu ya injini, macho kafumba. Sukari akajikuta naye kafumba.

"Inakohoa," fundi akasema.

"Mafua tu hayo."

"Isikilizwe ikipanda mlima."

"Basi ngoja nilijaribu mwenyewe," mama akasema. "Nakuachia fundi wangu. Miaka ishirini hii, mwanangu! Bora nikuachie mume."

Sukari, aliyewahi kuwauzia watu maji ya bomba kama dawa ya kuotesha nywele, akatoa funguo bila kupepesa. Angeogopa nini? Rehani yake ilikuwa pale pale, imevaa ovaroli.

Ikapiga saa nane. Ikapiga saa tisa.

"Fundi, bosi wako anapanda mlima gani?"

"Bosi wangu?" Mzee akamtazama. "Yule mama nimemjua leo saa sita, kanikuta gereji. Kasema kuna kijana anataka injini yake isikilizwe, na wewe ndiwe utakayenilipa."

"Si amesema miaka ishirini?"

"Nilidhani anataja miaka ya gari."

Simu ikalia ndani ya mfuko wa Sukari: tangazo jipya kwenye tovuti yake. Gari la shemeji, Sukari mwenyewe kaliegemea meno nje. Chini yake: *Lilikuwa la daktari. Alikuwa akisikiliza redio tu.*

Akaipigia namba iliyoandikwa pale.

"Mama! Nakuja sasa hivi, na fundi!"

"Fundi wa nini, mwanangu? Picha zinajieleza. Tuma ada nikuhifadhie, kuna wengine wawili wanalitaka."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Kule kwenye kona alishaonekana shemeji, anakuja kwa miguu, anapiga mluzi. Sukari akatuma ada. Akapiga tena. Namba haipatikani.

Tovuti bado iko hewani. Watu wanauliza bei, wanasifia rangi, wanauliza waje na fundi saa ngapi. Tangu ianze, aliyelipia gari kwa picha ni mmoja tu. Siku hizi huwajibu wateja akiwa amekalia godoro lake kwenye gereji ya yule mzee, anakofuta vijiti vya oili mpaka ujira wa kusikiliza injini utakapolipika.