Pedali Isiyosikia la Mguu

Injinia alikuwa na mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi, na cheo alichojipa mwenyewe baada ya kuona hakuna mwingine mwenye haraka ya kumpa. Siku hiyo alikuwa amekaa pale wanapoosha magari, akijifanya anasubiri zamu, mara likaingia gari la rangi ya fedha, linang'aa hata kabla ya kuoshwa. Aliyeshuka ni mama wa makamo, mshona mapazia, uzi bado umemning'inia begani.

"Riziki hiyo," Injinia alijisemea.

Magari ya kisasa yalimtunza Injinia kuliko ndugu zake. Zamani ukikanyaga mafuta, waya wa chuma ulivuta, injini ikatii. Siku hizi pedali huinong'oneza kompyuta, kompyuta ikatafakari, ikishiba kutafakari ndipo injini ipewe hewa. Umbeya huo ukikatwa njiani, gari zima huzira. Basi waoshaji walipofungua boneti kupuliza vumbi, Injinia aliinama kama mtu anayestaajabu, akalegeza soketi moja ya nyaya za kompyuta, akarudi kukaa na uso wa mcha Mungu.

Mama akawasha gari. Likawaka. Akakanyaga mafuta, likaguna tu.

"Shikamoo mama. Limekataa mafuta?"

"Marahaba mwanangu. Wewe ni fundi?"

"Injinia, mama. Fundi ni wale wa nyundo."

Akatoa mashine yake: rimoti ya televisheni iliyokwisha kufariki, imevishwa utepe mweusi kama inajililia yenyewe. Akaielekeza kwenye injini, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyokaribia kumliza mwenyewe.

Kwa kawaida hapo angedai ujira, arudishe soketi, aage. Lakini gari lilikuwa zuri mno, na tamaa ikamwingia kama mbu aliyeona tundu la chandarua.

"Kompyuta imeoza, mama. Leo limekugomea hapa, kesho litakugomea mlimani, lori liko nyuma yako. Hili si gari tena, ni jeneza lenye redio."

"Yarabi! Nifanyeje?"

Injinia akashusha pumzi. "Kigari changu kile pale, kikuukuu, bado kinavutwa na waya. Hakina akili ya kugoma. Kwa huruma tu, tubadilishane. Hili nitaliuza spea."

Mama alimtazama kidogo, kisha akapaza sauti hadi maji yakafungwa. "Jamani, mnasikia? Anasema gari langu bovu, na analitaka hivyo hivyo na ubovu wake. Ni kweli, mwanangu?"

"Kweli tupu, mama," Injinia akajibu, mkono kifuani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli akiwa kazini, ila hakujua.

Wakapeana kadi za magari, funguo na namba za simu. Mama alipopotea na kikuukuu, Injinia akakaza soketi yake, akaondoka akipiga mluzi, kiwiko dirishani. Gari lilikwenda kama linateleza, mpaka mlimani. Hapo taa ya njano ikawaka, pedali ikawa kama godoro, gari likaanza kujikokota huku lori likipiga honi nyuma. Akajivuta pembeni, akafungua boneti. Soketi ilikuwa imekaza. Akakandamiza kila kilichofanana na soketi, hadi akabaki na kipande mkononi asichokijua jina. Injinia!

Akapiga simu. "Mama, hili gari linakataa mafuta!"

"Si ulinieleza mwenyewe? Mafundi wote limewashinda. Wamebadilisha pedali, wamebadilisha na kile kizibo cha hewa. Likijisikia linakwenda, lisipojisikia ndiyo hivyo. Wanunuzi walinikimbia, maana kila anayekuja namwambia ukweli. Kumficha mtu kasoro ni dhambi. Wewe umenipunguzia kazi, ukaniambia wewe."

"Lakini mimi..."

"Wewe ulichezea soketi, nilikuona nikiwa nimesimama pembeni. Nikasema huyu naye ana shida zake, tusaidiane."

Injinia akakata simu. Angemshtaki kwa lipi? Kwamba alipewa gari bovu na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye alimwambia kuwa ni bovu, mbele ya umati wenye sabuni mikononi? Kicheko kikamtoka, kwanza cha uchungu, halafu cha kweli, hadi akashika ubavu. Miaka yote anazunguka mji mzima kutafuta wajinga, na aliye mkubwa wao yeye humnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo.

Dereva wa lori akachungulia. "Kaka, gari limekufa, unacheka nini?"

"Namcheka mwenye gari."