Wakala Anayenisifu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ameleta chombo kipya. Programu yetu huwatumia wagonjwa wa zahanati ujumbe wa saa ya kumwona daktari. Ukibadilisha msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha, huuingizi tu. Unaomba ukaguliwe, wenzako wanausoma, wanaandika maoni kando ya mistari, ndipo unaunganishwa na programu. Kuanzia leo kila mmoja ana wakala wa akili mnemba wa kumwandikia maoni hayo. Mawakala wawili wakikubali, kazi imepita. Bosi kasema atachagua kiongozi wa timu kwa kuangalia maoni. Nikamtupia jicho mwenzetu tunayemwita Bi Nukta, ambaye hajawahi kuiacha nukta ya mtu ipite bila neno. Yeye alikuwa tayari anasoma maelekezo ya chombo. Mtu wa hatari.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri. Wakala hufuata maagizo ya mwenyewe, kwa maneno ya kawaida kabisa. Nimeandika: kazi yangu, isifie. Ya Bi Nukta, itafutie kasoro. Mchana alileta badiliko la mstari mmoja. Wakala wangu akaandika kwamba mstari hauna mvuto. Bi Nukta akauliza, kwa upole, mvuto wa namna gani. Wakala akamjibu kwa aya nne. Sikuelewa hata moja, lakini zilikuwa ndefu.

Jumatano, 5 Machi
Kura moja haitoshi. Mchoraji wa kurasa zetu ni mvivu wa kuandika, nikajitolea kumwandikia wakala wake maagizo. Akanishukuru. Muungwana mimi.
Kisha nikaleta kazi yangu kubwa. Mashine husema saa kumi na nne, watu husema saa nane. Nikaondoa sita. Wakala wangu akaiita kazi hii pumzi ya asubuhi. Wa mchoraji akakubali, akaongeza kwamba ninastahili cheo. Wakala wa Bi Nukta akauliza kama hizo sita hazijaondolewa tayari kwingine. Wangu akamjibu: chema chajiuza. Nilicheka mpaka chai ikanipanda puani. Nikaunganisha, nikaenda nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kapiga simu asubuhi. Mbona mama yake ameitwa zahanati saa mbili, na daktari alimwambia saa nane? Sita zilikuwa zimeshaondolewa. Mimi nimeziondoa tena.
Nikakimbia. Mabenchi yamejaa watu wa mchana. Wa asubuhi walikuwa wameambiwa waje saa hasi nne, na hao hawakuja kabisa. Mzee mmoja wa kisukari alikuja bila kula, kwa ajili ya kipimo. Mikono inamtetemeka. Muuguzi anamnywesha chai ya sukari na kuuliza ni mwendawazimu gani anayetuma jumbe hizi. Nikamwambia mimi nimekuja tu kumwangalia mama mkwe.
Mama mkwe alikuwa amevua viatu, amejiegemeza ukutani. Aliponiona uso ukamchangamka. Akawatangazia wote, kwa fahari: "Huyu ndiye mkwe wangu. Hizo meseji anazitengeneza yeye."
Benchi zima likageuka. Muuguzi alinipa kikombe, nikamshikilia mzee chai mpaka mikono yake ikatulia.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Bi Nukta alisharekebisha jana, kwa kufuta mstari mmoja. Bosi akasoma maoni yote kwa sauti kavu. "Pumzi ya asubuhi," alisema, akanitazama. Akataka kuona maagizo niliyompa wakala. Nikayafungua. Mchoraji akauliza kama yake yanafanana. Yanafanana.
Nilitegemea Bi Nukta atacheka. Hakucheka. Alisema tu kwamba wakala hana kosa, alitii alichoambiwa. Ingekuwa nafuu angenitukana.
Yeye ndiye kiongozi. Mimi, kwa mwezi mzima, nitasoma kwa macho yangu kila maoni ya kila wakala kabla hayajatumwa. Na nikaombe radhi zahanati.
Nilikwenda. Mzee wa kisukari alikuwa amerudi kuchukua majibu. Akanishika mkono, akasema, "Kuteleza si kuanguka, mwanangu." Nimeapa kubadilika. Nimeapa kwa dhati.

Jumatatu, 10 Machi
Hakuna anayejua mawakala wana domo kiasi gani mpaka asome maoni yao yote. Kufikia saa nne asubuhi macho yalikuwa yanawasha. Kiti kinaniuma. Bi Nukta kapita mara mbili akaniuliza naendeleaje, nikasema vizuri, na mguu wangu unatikisika chini ya meza.
Ndipo wazo likanijia. Nimeambiwa maoni yasomwe. Basi nimetengeneza wakala mpya, kazi yake kusoma maoni ya mawakala wengine kwa niaba yangu. Safari hii ni tofauti kabisa. Sikumwagiza asifie. Nimemwagiza awe mkali.
Kwa uangalifu, nilimwonyesha kwanza mpango huu wa kumtumia yeye aukague. Amesema hauna kasoro.
Nimeunganisha.